Sirena wa Ugiriki ya Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila kisa cha Odysseus, shujaa wa Wagiriki aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka vita vya Troy, na wale waimbaji wa baharini kinapotajwa, maswali hurudi yaleyale: walikuwa samaki au ndege, walikula watu au la, waliimba nini hasa. Majibu hapa yanaanza na mambo mepesi na kuishia kwenye yale yanayobishaniwa. Waandishi wa kale wanapopingana, tumesema nani kasema nini, kwa kuwa hadithi za Wagiriki hazikuwa na msahafu mmoja wa kuamua ugomvi.

## Mambo ya msingi

1. Sirena ni nani?

Ni viumbe wa kike katika hadithi za Wagiriki wa kale waliokaa kisiwani na kuwaimbia mabaharia waliopita karibu. Baharia aliyeusikia wimbo aligeuza chombo kuufuata, na kwao hakurudi tena. Hawakuwa na silaha, wala hawakuvunja merikebu kwa mikono yao. Kazi yote ilifanywa na sauti.

Andiko la zamani zaidi tulilonalo linalosimulia habari zao ni Odyssey, utenzi wa Homer ambao wataalamu wengi huuweka kwenye karne ya 8 au ya 7 K.K. Sirena wamo katika kitabu cha 12 kati ya vitabu 24. Karibu yote yaliyoandikwa baadaye yanaanzia hapo, ama kwa kuongeza chumvi, ama kwa kubisha.

2. Je, Sirena ndio nguva?

Hapana. Katika vyungu, sanamu na maandishi ya Ugiriki ya kale, Sirena ni ndege mwenye kichwa cha mwanamke. Mara nyingine ana mikono na kifua cha mwanamke pia, lakini miguu ni ya ndege, yenye kucha. Yule mwanamke mzuri mwenye mkia wa samaki alikuja karne nyingi baadaye (tazama swali la 13). Kuhusu nguva yule mnyama wa kweli wa baharini, tazama swali la 15.

3. Walikuwa wangapi, na majina yao ni yapi?

Homer hakuwataja kwa majina. Ila Kigiriki chake kina maumbo maalumu ya kutajia watu au vitu viwili, na mara kadhaa amewataja kwa maumbo hayo. Basi kwake walikuwa wawili.

Baada yake wakawa watatu, na idadi hiyo ndiyo iliyozoeleka. Mapokeo yanayohusishwa na mshairi wa kale Hesiod yanawaita Thelxiope (au Thelxinoe), Molpe na Aglaophonos, majina yenye maana za kuroga, wimbo na sauti nzuri. Wagiriki waliohamia kusini mwa Italia walikuwa na majina yao: Parthenope, Leucosia na Ligeia. Hayo ya pili yana historia ndefu zaidi kwa sababu yalishikamana na mahali pa kweli (tazama swali la 19). Plato naye, mwishoni mwa kitabu chake juu ya Jamhuri, ana Sirena wanane, kila mmoja amekaa juu ya duara moja la mbinguni akiimba noti moja, na noti zote nane zinapatana. Hao hawamdhuru mtu.

4. Wazazi wao ni nani?

Wengi husema baba ni Achelous, mungu wa mto mkubwa wa magharibi mwa Ugiriki, na mama ni mmoja wa wale Muse tisa, miungu-wake wa nyimbo na sanaa. Mshairi Apollonius wa Rhodes anamtaja Terpsichore. Wengine wanamtaja Melpomene. Sophocles, mtunzi wa tamthilia, aliwapa baba mwingine, Phorcys, mzee wa baharini. Euripides, mtunzi mwingine wa tamthilia, aliwaita mabinti wa Ardhi.

5. Waliishi wapi?

Kwa Homer ni kisiwa tu, njiani kati ya kwa Circe, mungu-mke mwenye uchawi, na mlango wa bahari wa lile dude Scylla (tazama swali la 16), na Sirena wameketi kwenye uwanda wenye nyasi na maua. Hakuna ramani. Waliofuata wakakiita Anthemoessa, kisiwa cha maua.

Wagiriki na Warumi waliopenda kuoanisha hadithi na jiografia walielekeza kidole kwenye pwani ya magharibi ya Italia. Mwanajiografia Strabo anavitaja visiwa vidogo vya mawe karibu na Sorrento vilivyoitwa Sirenusa. Leo vinaitwa Li Galli, vitatu kwa idadi, vinaonekana ukiwa Positano. Katika karne ya 20 viliwahi kumilikiwa na wacheza baleti wawili kwa zamu, Léonide Massine na kisha Rudolf Nureyev. Ukivitazama utashangaa: ni miamba mikavu, uwanda wa maua hauonekani.

## Kisa cha Odysseus

6. Odysseus aliwapitaje?

Alipotoka Troy alikuwa na merikebu 12. Kufikia hapa amebakiwa na moja. Amekaa mwaka mzima kwa Circe, na wakati wa kuagana Circe anampa maelekezo ya njia. Kituo cha kwanza ni Sirena: anayewakaribia bila kujua, mkewe na wanawe hawatasimama tena kumlaki nyumbani. Pembeni mwa waimbaji kuna lundo la mifupa ya watu wanaooza, na ngozi zinasinyaa juu yake.

Wanang'oa nanga. Upepo ni mzuri, kisha ghafla unakufa. Bahari inakuwa shwari kabisa, kama kwamba kuna aliyeyalaza mawimbi. Mabaharia wanakunja tanga, wanaliweka ndani ya chombo, wanashika makasia. Odysseus anachukua donge kubwa la nta ya nyuki, analikatakata kwa upanga wa shaba, anayakanda mapande kwa mikono yake yenye nguvu mpaka yanalainika kwa joto la jua. Anaziba masikio ya kila mmoja kwa zamu. Wao nao wanamfunga yeye mikono na miguu, wima, kwenye mlingoti.

Chombo kinapofika umbali ambao mtu akipaza sauti anasikika, wimbo unaanza. Odysseus anataka kufunguliwa, na kwa kuwa hakuna anayesikia, anawaashiria kwa nyusi. Wenzake wanainama tu juu ya makasia. Wawili, Perimedes na Eurylochus, wanasimama, wanamwongezea kamba na kumkaza zaidi, kama alivyowaamuru mapema. Nta na kamba zinaondolewa pale tu sauti zinapokuwa hazisikiki tena.

7. Waliimba nini?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa kudhani ulikuwa wimbo wa mapenzi. Maneno yapo, mistari minane tu, na hayana mahaba ndani yake. Kwa ufupi yanasema hivi: njoo huku, Odysseus usifiwaye na wengi, fahari kuu ya Waakea (yaani Wagiriki), simamisha chombo utusikilize. Hajapita mtu hapa na merikebu yake nyeusi asiisikie kwanza sauti yetu tamu kama asali, naye huenda zake amefurahi na amejua mengi zaidi. Maana tunajua yote waliyoyapata Wagiriki na watu wa Troy kwa mapenzi ya miungu, na tunajua yote yatokeayo juu ya nchi ilishayo wengi.

Wanamwahidi maarifa. Tena wanaanza na habari zake mwenyewe: vita alivyopigana miaka 10, watu aliowazika, mambo aliyoyafanya yakiwa yamegeuzwa wimbo. Hata namna ya kumwita ni ya makusudi. Hilo neno la sifa lenye maana ya "usifiwaye na wengi" ni la Iliad, utenzi wa vita. Katika Odyssey nzima linatokea mahali hapa tu. Sirena wanazungumza na askari mkongwe kwa lugha ya siku zake za ushujaa. Kama angepita mtu mwingine, tunaweza kudhani wangemwimbia mengine.

Cicero, aliyeitafsiri mistari hii kwa Kilatini katika karne ya 1 K.K., aliliona hilo. Hoja yake ni kwamba mtu mkubwa kama Odysseus asingenaswa na vijiwimbo vitupu. Kilichomvuta ni ahadi ya kujua. Kwa maoni yetu hakuna aliyewahi kukisoma kisa hiki vizuri zaidi ya hapo.

Ila ona: mistari minane hiyo ni mwaliko. Wimbo wenyewe, ule unaosimulia ya Troy na ya dunia yote, Homer hausemi. Suetonius anaandika kwamba kaisari Tiberius alikuwa akiwabana wasomi wa sarufi kwa maswali ya aina hii, likiwemo "Sirena walizoea kuimba nini?"

8. Je, walikula watu?

Homer hasemi hivyo. Anataja mifupa na ngozi, basi. Hakuna damu mdomoni mwa mtu. Apollonius, aliyeandika katika karne ya 3 K.K., anasema waliosikiliza walidhoofika mpaka wakafa. Picha inayolingana zaidi na maandishi haya mawili ni ya mtu aliyekaa kusikiliza akasahau kula, akasahau nyumbani, siku zikapita.

Walaji wa watu wapo katika safari hiyohiyo: Cyclops lile jitu la jicho moja, majitu Walaestrygoni, na Scylla. Homer anapotaka kiumbe ale watu, anaeleza mpaka mifupa inavyotafunwa. Kwa Sirena amenyamaza, na ukimya wake unafaa kuheshimiwa. Wasimulizi wa baadaye ndio waliowapa njaa ya nyama.

9. Kwa nini Odysseus hakuziba masikio yake pia?

Kwa sababu alitaka kusikia. Ukisoma kwa makini utakuta jambo dogo la kuchekesha. Circe alimwambia: wenzako wazibe masikio, na wewe *ukitaka* kusikia, wakufunge mlingotini. Odysseus anapowapa mabaharia habari hiyo, inatoka hivi: Circe ameagiza mimi peke yangu nisikie. Hiari imegeuka amri.

Kuna na jingine. Kisa hiki chote anakisimulia Odysseus mwenyewe, mgeni katika karamu ya mfalme Alcinous. Mabaharia waliokuwa naye hawakusikia neno kwa ile nta, na wakati anasimulia wote wameshakufa majini baada ya kuchinja ng'ombe wa Helios, mungu wa jua. Shahidi aliyesikia wimbo ni mmoja, naye anajulikana kote Ugiriki kwa ufundi wa kutunga. Sisemi kwamba alidanganya. Nasema tu Homer amehakikisha kwamba hakuna wa kumkosoa.

10. Kuna wengine waliopita salama?

Wapo Waargonauti, mabaharia wa Jason waliotafuta ngozi ya dhahabu. Katika mpangilio wa hadithi wao walitangulia. Homer mwenyewe anaitaja Argo, merikebu yao, kuwa ilishapita bahari zile. Kwa Apollonius, chombo kinapokaribia na watu wako tayari kufunga kamba ufukoni, mwanamuziki wao Orpheus anakikaza kinubi chake na kupiga wimbo wa harakaharaka wenye kelele, mpaka masikio ya wote yanajaa mlio wake na sauti za wale wanawake zinazama. Upepo unasaidia, wanapita.

Mmoja hakuweza. Butes, aliyekuwa na masikio mepesi kuliko wenziwe, aliruka baharini na kuanza kuogelea kwenda kwao. Aphrodite, mungu-mke wa mapenzi, alimhurumia, akamnyakua kabla hajafika, akamweka Lilybaeum huko Sisili, mahali panapoitwa leo Marsala.

Njia ni mbili, basi, na zinatofautiana sana: Odysseus anasikia na kufungwa, Orpheus anashindana. Wapenda muziki huwa upande wa Orpheus.

## Sura yao na ilivyobadilika

11. Kwa nini wana mwili wa ndege?

Homer hakueleza sura yao hata kwa neno moja, huenda kwa sababu wasikilizaji wake waliijua. Waliofuata walitunga sababu, na nyingi zinamhusisha Persephone, binti wa mungu-mke Demeter, aliyetekwa na Hades, mungu wa kuzimu. Sirena walikuwa wasichana wenzake, wakichuma naye maua. Ovid anasema baada ya kutekwa walimtafuta nchi kavu wakamkosa, wakaomba mbawa ili wamtafute na juu ya bahari. Miungu ikawapa, ikawaachia sura na sauti ya kibinadamu. Hyginus anaigeuza: mbawa ni adhabu ya Demeter kwa kutomsaidia mwanawe.

Kuna na kisa cha mashindano. Pausanias anaeleza kwamba Hera aliwashawishi Sirena washindane kuimba na Muse. Walishindwa, na Muse wakawanyonyoa manyoya na kujifanyia mataji.

Ukiacha hadithi, wanahistoria wa sanaa wengi hutazama mashariki na kusini: Wamisri walichora *ba*, sehemu ya nafsi ya marehemu, kama ndege mwenye kichwa cha mtu, na vyombo vya shaba vyenye ndege-watu vilifika Ugiriki kutoka Mashariki ya Karibu. Kumbuka pia kwamba katika sanaa ya awali, hasa vyungu vya Korintho, wapo Sirena wa kiume wenye ndevu. Hao walitoweka baadaye.

12. Kuna picha ya zamani ya kisa hiki ninayoweza kuitazama?

Ipo maarufu: chungu cha Athens cha rangi nyekundu na nyeusi, cha miaka ya 480–470 K.K. hivi, kilichofukuliwa Vulci nchini Italia na sasa kiko British Museum, London. Wataalamu hukiita "chungu cha Sirena".

Merikebu ina jicho kubwa lililochorwa ubavuni mwa omo. Odysseus yuko uchi, amefungwa mlingotini, kichwa amekitupa nyuma na kidevu kiko juu, kama mtu anayejaribu kuisogelea sauti kwa shingo tu maana mwili hauwezi. Wapiga makasia hawamwangalii. Juu ya miamba miwili, kushoto na kulia, kuna Sirena mmojammoja, ndege hasa, vichwa tu ndivyo vya wanawake. Mmoja ameandikiwa jina, Himeropa. Wa tatu anaporomoka kichwa chini kuelekea chomboni, jicho limefumba: anakufa. Kwa nini anakufa, tazama swali la 18. Mchoraji ameweka watatu ingawa Homer ana wawili, kwa hiyo hakuwa akinakili utenzi.

13. Mkia wa samaki ulitoka wapi, na lini?

Vipo vyombo vichache vya enzi za mwisho za Wagiriki na za Warumi vinavyoonyesha Sirena wenye mikia, lakini ni nadra. Andiko la kwanza linalosema wazi kwamba Sirena ni wasichana wa baharini wenye mkia wa magamba ni Liber Monstrorum, kitabu cha Kilatini kuhusu viumbe vya ajabu cha mwisho wa karne ya 7 au karne ya 8. Kwa karne kadhaa zilizofuata, vitabu vya wanyama vya Ulaya vilibaki na utata: michoro mingine ina mbawa, mingine mkia, mingine vyote viwili, na kuna kurasa ambapo maandishi yanasema ndege huku mchoro ukionyesha samaki. Mkia ukashinda. Leo Kifaransa, Kihispania na Kiitaliano vinatumia jina hilohilo la Sirena kwa mwanamke-samaki.

Nembo ya Starbucks yenye mwanamke wa mikia miwili ni mjukuu wa picha hizo za Ulaya. Wagiriki wa enzi za Plato wasingemtambua.

14. Kwa nini wanachongwa makaburini?

Kwa sababu kwa Wagiriki hawakuwa wa hatari tu. Katika makaburi ya Athens ya karne ya 4 K.K. kuna sanamu za Sirena wakipiga kinubi cha gamba la kobe, au wakijipiga kifua na kushika nywele kwa maombolezo. Walisimama juu ya marehemu kama waombolezaji wa kudumu. Katika tamthilia ya Euripides juu ya Helen, Helen anapolia anawaita Sirena, wanawali wenye mbawa, waje na zumari na vinubi walie pamoja naye. Uhusiano wao na Persephone, malkia wa kuzimu (swali la 11), unaingia vizuri hapa.

15. Nguva wa kweli anahusikaje, basi?

Kwa jina la kisayansi. Wanabiolojia walipoliita kundi la nguva Sirenia, walikuwa tayari wanamfikiria Sirena mwenye mkia. Kundi hilo lina nguva wa Bahari ya Hindi na Pasifiki pamoja na aina tatu za jamaa zake wa Atlantiki na mito yake. Jamaa wa tano, mkubwa kuliko wote, aligunduliwa na Wazungu kaskazini mwa Pasifiki mwaka 1741, na kufikia 1768 alikuwa amekwisha kuwindwa wote.

Mabaharia walichangia mkanganyiko. Januari 1493, karibu na kisiwa cha Hispaniola, Columbus aliandika kwamba aliona Sirena watatu waliojitokeza juu ya maji, akaongeza kwamba si wazuri kama wanavyochorwa. Karibu kila msomaji wa leo anakubali aliona jamaa wa nguva.

Lakini nguva hawezi kuwa chanzo cha hadithi ya Wagiriki. Mediterania haina nguva, na Sirena wa kwanza, kama ilivyosemwa, ni ndege. Mwenye kutaka kumwona nguva aende pwani yetu, tuseme eneo la Rufiji na Mafia au Lamu, ambako wamebaki wachache mno, au Bazaruto, Msumbiji, kwenye kundi kubwa zaidi lililobaki magharibi mwa Bahari ya Hindi. Haimbi.

## Maswali ya pembeni

16. Scylla na Charybdis ni Sirena pia?

Hapana, ni hatari inayofuata njiani. Scylla ana vichwa sita, miguu 12 na safu tatu za meno katika kila kinywa. Aliwanyakua watu sita wa Odysseus kwa mkupuo. Charybdis humeza maji ya bahari na kuyatapika mara tatu kwa siku. Wagiriki waliwaweka kwenye mlango wa bahari wa Messina. Hawamrogi mtu.

Tofauti hiyo Xenophon ameiweka kinywani mwa Socrates vizuri sana: Scylla aliwashika watu kwa mikono, ndiyo maana wote walimkimbia, Sirena hawakumgusa mtu, waliimba kutoka mbali, na watu wakasimama kuwasikiliza.

17. Na Nereid, Circe, Calypso?

Nereid ni mabinti 50 wa Nereus, mama wa Achilles akiwa mmoja wao, na kwa kawaida huwasaidia mabaharia. Circe na Calypso ni miungu-wake wa visiwani: wa kwanza hutumia dawa na fimbo, wa pili alimzuia Odysseus miaka saba kwa mapenzi. Naiad, wa maji baridi, ndio waliomvuta kijana Hylas chemchemini alipokwenda kuteka maji.

Gorgona wa wavuvi wa Ugiriki ya leo ni mwingine kabisa, naye ana mkia wa samaki. Ni dada yake Alexander Mkuu. Hulikamata chombo na kuuliza kama mfalme Alexander yu hai. Ujibu kwamba yu hai na anatawala. Ukisema amekufa, anazamisha.

18. Sirena walikufaje, na mbona Argo ilitangulia kupita?

Homer hasemi walikufa. Ni waandishi wa baadaye, Lycophron na Hyginus, wanaosema waliandikiwa kuishi mpaka mtu awapite salama, na baada ya Odysseus wakajitupa baharini. Chungu cha swali la 12 kinaonyesha wazo hilo lilikuwepo karibu miaka 200 kabla ya Lycophron.

Swali la Argo ni zuri na halina jibu ndani ya hadithi. Kama kupitwa kunawaua, walipaswa kufa kwa Orpheus. Utenzi mmoja wa zama za mwisho kuhusu Waargonauti, unaosimuliwa kwa kinywa cha Orpheus, ulilitatua hivyohivyo: hapo Sirena wanazitupa ala zao, wanaruka majini na kugeuka miamba. Sasa Odysseus alisikia nini? Chagua mwandishi mmoja ufuate naye. Ukiwachanganya utaumia kichwa.

19. Ni kweli jiji la Naples lilianzishwa juu ya kaburi la Sirena?

Ni kweli kwamba watu wa kale waliamini hivyo. Mwili wa Parthenope, ilisemwa, ulisukumwa na mawimbi mpaka ufuko huo, na makazi ya kwanza ya Wagiriki pale yaliitwa kwa jina lake. Strabo anasema kaburi lake lilionyeshwa, na michezo ilifanyika. Virgil anamaliza shairi lake la kilimo kwa kusema kwamba Parthenope mtamu ndiye aliyemlea alipokuwa akiliandika, yaani aliliandikia Naples. Mwaka 1799 wanamapinduzi walianzisha pale Jamhuri ya Parthenope, iliyodumu miezi michache. Na ukisikia watangazaji wa Italia wakiwaita wachezaji wa Napoli "partenopei", jina ni hilohilo.

20. Je, wanawakilisha wanawake waharibifu au uasherati?

Hiyo ni tafsiri ya baadaye. Servius, mfafanuzi wa Virgil, alidai kwamba kwa kweli walikuwa makahaba waliowafilisi wapita njia, na "kuvunjika kwa merikebu" ni umaskini wao. Isidore wa Seville akairudia katika karne ya 7. Waandishi wa Kikristo walikwenda mbali zaidi. Clement wa Alexandria aliufananisha mlingoti na mti wa msalaba, ambao aliyefungwa kwake hapotei.

Ni mafundisho yenye historia yake, lakini yamefunika maneno ya Homer kabisa. Ukirudi kwenye mistari minane (swali la 7) hutakuta mwili wala tamaa ya mwili. Sirena wawili wa Homer wanauza habari.

21. Wametajwa kwenye Biblia?

Katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, ndiyo: Isaya 13:21, penye habari za magofu ya Babeli, watafsiri waliweka neno "seirenes" mahali ambapo Kiebrania kinataja ndege wa jangwani. Jerome naye alitumia neno hilo katika Kilatini chake cha sura hiyohiyo. Biblia za leo, za Kiswahili zikiwemo, zina ndege na wanyama wa kawaida.

22. Nikitaka kusoma mwenyewe, nianzie wapi?

Odyssey, kitabu cha 12. Maelekezo ya Circe ni mistari ya 39–54, na kisa chenyewe ni 158–200. Ni kurasa mbili tatu tu katika tafsiri yoyote. Baada ya hapo nenda kitabu cha 4 cha Argonautica cha Apollonius, kuanzia mstari wa 891, ukalinganishe Orpheus na Odysseus.